Lugha Iliyovuka Bahari na Lugha Iliyobaki Mlimani

Mgeni anayeshuka garimoshi katika stesheni ya Kilosa siku ya soko hahitaji kutembea mbali kabla ya kusikia lugha nne au tano. Katika wilaya hiyo ya Mkoa wa Morogoro, Wakaguru wanaishi upande wa kaskazini, Wasagara wamo katika bonde la mto Mkondoa na milima iliyo kando yake, na Wavidunda wako kusini, karibu na Mikumi na Kidodi. Juu ya hao kuna Waparakuyo na ng'ombe wao, na kuna wajukuu wa wale manamba walioletwa kukata mkonge Kimamba, Rudewa na Msowero kutoka pande zote za nchi na hata kutoka nje ya mipaka yake. Wote hao wanaelewana kwa Kiswahili, na hapana shaka kwamba jambo hilo ni neema.

Hata hivyo wataalamu wa lugha wamekuwa wakijiuliza swali moja ambalo Kilosa na Mikumi zinalitoa waziwazi kuliko sehemu nyingi. Lugha ya Kividunda haikuhamishwa na mtu yeyote. Iko pale ilipokuwa, chini ya milima inayoitwa kwa jina lake, na bado katika makazi ya bondeni, yaliyo karibu na barabara kuu, watoto wengi wanakua bila kuisema. Kwa upande mwingine, lugha iliyo jamaa yake, yaani Kizigua, ilichukuliwa karibu miaka 190 iliyopita na watu waliopakiwa katika majahazi, ikapelekwa hadi pwani ya Somalia, ikakaa huko katikati ya watu wa lugha nyingine kabisa, na haikufa. Wenye lugha hiyo sasa wametawanyika tena: wako Kenya, wako Handeni, wako Ohio na Vermont nchini Marekani. Je, ni kitu gani kinachoua lugha, na ni kitu gani kinachoihifadhi? Umbali pekee hauwezi kuwa jibu.

UNDUGU WA LUGHA ZENYEWE

Yafaa kwanza kuonyesha kwamba ulinganisho huu si wa kubahatisha. Kizigua, Kinguu, Kibondei na Kishambaa huwekwa na wataalamu katika kundi moja liitwalo Seuta. Kikaguru, Kisagara, Kividunda, Kiluguru, Kikutu, Kikwere na Kizaramo huwekwa katika kundi la Ruvu. Makundi hayo mawili, pamoja na Kipare na kundi la Sabaki ambamo Kiswahili chenyewe kimo, ni matawi ya shina moja la Kibantu cha kaskazini mashariki ya pwani. Kwa hiyo Kiswahili ni binamu wa Kividunda na wa Kizigua. Huu ni ujamaa wa kweli, ingawa binamu huyu mmoja amekua mno na wengine wamebaki kivulini mwake.

Ushahidi wa ujamaa huo msomaji anaweza kuupata kwa masikio yake. Wenyewe huita lugha zao Chizigula, Chikagulu, Chividunda. Kiswahili husema Kizigua, Kikaguru, Kividunda. Kiambishi ni kilekile kilichobadilika sauti. Tena katika neno Zigula imo l ambayo Kiswahili kimeiangusha baina ya irabu mbili, kama kilivyoiangusha katika neno njaa ambalo lugha nyingi za Kibantu hulitamka njala au nzala. Kulinganisha orodha za maneno ya kawaida namna hii, neno kwa neno na sauti kwa sauti, ndiyo njia ya kazi ya elimu hiyo. Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2001, ulikusanya maarifa ya aina hiyo nchi nzima, na mwaka 2009 ukatoa Atlasi ya Lugha za Tanzania.

NJAA, MAJAHAZI NA MTO JUBA

Katika miaka ya 1830 ukame ulileta njaa kubwa katika nchi ya Uzigua. Masimulizi ya wazee yanasema kwamba watu walijiweka rehani, wao na watoto wao, kwa wafanyabiashara wa pwani ili wapate chakula, wakitumaini kujikomboa mvua zitakaporudi. Walivushwa bahari hadi Barawa na miji mingine ya pwani ya Benadir, wakauzwa kulima katika mashamba ya bonde la mto Shebelle. Hawakuwa peke yao. Katika karne hiyo ya 19 walipelekwa huko pia Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wangindo na Wazaramo. Wanahistoria wanakadiria kwamba watumwa baina ya 25,000 na 50,000 waliingizwa katika mabonde ya mito ya Somalia kati ya miaka ya 1800 na 1890.

Wazigua hawakukaa sana utumwani. Kundi kubwa lilitoroka pamoja, likiongozwa, kwa mujibu wa masimulizi, na mwanamke aitwaye Wanankhucha, aliyekuwa mtu wa maono. Nia yao ilikuwa kurudi kwao kwa miguu. Walipofika chini ya mto Juba, inasimuliwa, nchi ikatetemeka, naye Wanankhucha akaona kwamba hiyo ni ishara ya kutoendelea. Wakakata msitu wa kando ya mto, ambao kwa Kisomali huitwa Gosha, wakalima. Mtaalamu wa Kiitalia, Vittorio Grottanelli, alichapisha masimulizi ya Wazigua wa Juba mwaka 1953, na Francesca Declich aliyafuatilia tena katika miaka ya 1980, safari hii akiwasikiliza wanawake zaidi.

Jina Mushunguli ambalo Wasomali huwaita nalo linadhaniwa kuwa ni Mzigula lililopita katika kinywa cha kigeni. Jambo hilo si la ajabu. Alfabeti ya Kisomali iliyoanza kutumika rasmi mwaka 1972 haina herufi z, wala v, wala p, kwa kuwa lugha yenyewe haina sauti hizo. Mtu aliyefundishwa kuandika Kisomali peke yake hana hata herufi ya kuandikia jina la kabila la Wazigua. Jambo hili dogo litarudi mbele, kwa sababu lina uzito kuliko linavyoonekana.

KWA NINI HAIKUFA

Hapa lazima msomaji atahadharishwe juu ya kosa linalofanywa mara kwa mara. Watu ambao tangu mwaka 1991 mashirika ya misaada huwaita Wabantu wa Somalia si wote wanaosema Kizigua. Walio wengi husema Kimaay, ambacho ni lugha ya wakulima wa kusini mwa Somalia, na wengi wao waliingia katika koo za Kisomali na kusahau kabisa lugha za babu zao. Vijiji vya kwanza vya Gosha vilipangwa kufuata asili ya watu, hiki cha Wayao, kile cha Wamakua, kile cha Wangindo. Leo lugha za vijiji hivyo hazisikiki tena huko. Kizigua kinasikika.

Tofauti iko katika namna walivyofika. Wayao na Wamakua waliletwa Juba mmoja mmoja na kwa nyakati mbalimbali, kila mtoro akikimbilia palipo na wenzake wachache. Wazigua walifika wakiwa jamii iliyokwisha kujengeka: wazee, wanawake, watoto, waganga na ngoma zao. Nasaba yao ilifuata upande wa mama, kama ilivyo hata leo kwa Wakaguru na Wavidunda, na ngoma za ukoo zilirithishwa upande huohuo. Sasa, mtu anayepaswa kujua ngoma ya ukoo wa mama yake hana budi kujua na maneno yake. Kijiji kilikuwa kimesongamana, kazi ilikuwa moja, na mtoto aliweza kukua hadi kuoa bila kuhitaji lugha nyingine ila siku ya kwenda sokoni.

Sababu ya pili ni chungu. Majirani waliwadharau. Mkulima wa Gosha, mwenye nywele za kipilipili, hakukaribishwa kuoa katika koo za wafugaji wala kukaa nao sawa kwa sawa. Dharau ni ukuta. Humzuia aliye nje asiingie, lakini humhifadhi pia aliye ndani. Si kwamba jambo hilo listahili kusifiwa. Ila mwanasayansi anayechunguza kwa nini moto haukuzimika hana ruhusa ya kuacha kuhesabu kuni kwa sababu tu hazipendi.

Wilaya ya Kilosa yenyewe ina mfano unaothibitisha hoja hiyo. Waparakuyo wanaoishi Twatwatwa na vijiji vingine vya wafugaji wamezungukwa na wakulima wa Kibantu kwa miongo mingi. Wanauza ng'ombe kwa Kiswahili, wanakwenda hospitali kwa Kiswahili, na nyumbani wanasema Kimaa. Wanaoana wenyewe kwa wenyewe, wana kazi inayowapambanua, na majirani huwaona kuwa watu wa aina nyingine. Hali hizo ni zilezile za mto Juba, ingawa hapa hapakuwa na utumwa.

MIKUMI, AU MLANGO ULIO WAZI

Tukija Mikumi tunakuta kinyume chake. Wavidunda hawakutengwa na mtu. Kwa hiyo hawakuwa na ukuta.

Nchi yao ilipitiwa na kila kitu kilichojengwa katika karne iliyopita. Reli ya kati ilipita Kilosa tangu enzi ya Wajerumani, na tawi lake likateremka kupitia Mikumi hadi Kidatu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kilianza kiwanda cha sukari cha Kilombero, ambacho mashamba yake ya miwa yanafika hadi Ruhembe. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilitangazwa mwaka 1964. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikajengwa barabara kuu ya kwenda Zambia, ambayo hukata katikati ya hifadhi hiyo na kuufanya mji wa Mikumi kituo cha malori, mabasi na nyumba za wageni. Kila kazi katika hizo ilileta watu. Mkata miwa kutoka Iringa, askari wa wanyama kutoka Mara na mama muuza chakula kutoka Songea hawana lugha nyingine ya kusemezana na Mvidunda ila Kiswahili. Nyumba ikiwa na baba Mhehe na mama Mvidunda, watoto hupata lugha ya tatu, nayo ndiyo hiyo ya barabarani na shuleni.

Mtaalamu wa lugha Karsten Legère, aliyechunguza Kividunda katika miaka ya 2000, aliuliza katika kichwa cha makala yake kama lugha hiyo imo hatarini. Alama ya kuuliza ilikuwa ya haki, kwa sababu hali si moja pote. Mlimani, ambako magari hayafiki kwa urahisi, Kividunda kingali lugha ya nyumba na shamba. Bondeni ni vingine. Jopo la wataalamu lililoitwa na UNESCO mwaka 2003 lilitaja vigezo tisa vya kupimia uhai wa lugha, na cha kwanza ni hiki: je, wazazi wanawasemesha watoto wao kwa lugha hiyo? Idadi ya wasemaji inaweza kudanganya. Lugha ya watu 500 ambamo watoto wote wanaisema ina afya kuliko lugha ya watu 20,000 ambamo mwenye umri mdogo kabisa ana miaka 40.

Wala si sawa kumlaumu mzazi wa Mikumi. Alipochagua kumsemesha mwanawe Kiswahili alikuwa akimpa shule, kazi na taifa zima. Kilosa inajua vizuri gharama ya kutojua lugha ya wenye nguvu: ni huko Msowero, mwishoni mwa mwaka 1884, ambako Mangungo alitia alama yake katika mkataba wa Carl Peters ulioandikwa kwa Kijerumani, asioweza kuusoma. Kosa, kama lipo, ni la kudhani kwamba kichwa cha mtoto kina nafasi ya lugha moja tu. Watoto wa Gosha walikua na lugha mbili, Kizigua na Kisomali, na nyingine haikuitoa nyingine.

KUTAWANYIKA KWA MARA YA PILI

Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wakulima wa Juba walikuwa na akiba za nafaka na hawakuwa na ukoo wenye silaha wa kuwalinda. Waliporwa na kuuawa. Wengi walikimbilia kambi za Dadaab nchini Kenya. Wengine walipanda vyombo vya baharini wakafika Tanzania, wakapokewa katika kambi ya Mkuyu, Handeni, na baadaye wakahamishiwa makazi ya Chogo, wilaya hiyohiyo. Huko walikutana na jambo ambalo wakimbizi wachache duniani wamelikuta: waliposema, wenyeji walielewa. Kizigua cha Juba na Kizigua cha Handeni vilikuwa vimeachana kwa zaidi ya miaka 150, kimoja kikapokea maneno kutoka Kisomali na kingine kutoka Kiswahili, lakini mifupa ilikuwa ileile. Serikali ya Tanzania iliwapa ardhi, na hadi mwaka 2009 zaidi ya watu 1,000 miongoni mwao walikuwa wamekwisha kupata uraia.

Waliobaki Kenya walikuwa na safari nyingine. Marekani ilikubali kuwachukua takriban 12,000. Mwaka 2002 walihamishwa kutoka Dadaab hadi Kakuma, na kuanzia mwaka 2003 wakapelekwa katika miji mbalimbali ya Marekani; baadaye wengi wakahama tena kwa hiari yao kufuatana na ndugu, hadi Columbus, Lewiston, Burlington na kwingineko. Mkulima aliyezoea kupima muda kwa kujaa na kupwa kwa mto akajikuta katika nyumba ya ghorofa penye theluji, mtoto wake akirudi shuleni na Kiingereza.

Ni hapa ambapo hesabu ya mto Juba inageuka. Kijiji kilichosongamana hakipo. Familia moja iko mtaa huu, nyingine iko mji mwingine umbali wa saa tatu kwa gari. Dharau ya zamani haikufuata, na hilo ni jema, lakini ukuta nao umebaki nyuma. Lugha iliyostahimili utumwa, mkoloni wa Kiitalia na vita inaweza kudhoofika katika kizazi kimoja kwa sababu ya shule nzuri na runinga.

SAUTI KATIKA MKONO

Watu waliotawanyika hutafuta njia ya kuwa kijiji tena. Wasomali wa makabila yote walitumia kanda za kaseti kama barua tangu miaka ya 1970. Katika kambi za Dadaab kulikuwa na redio za mawasiliano walizoziita taar, ambazo mtu alilipa ili aitwe jina lake na kusikia habari za jamaa. Baadaye ikaja simu ya mkononi, na mwaka 2009 mkongo wa kwanza wa nyaya za chini ya bahari wa pwani ya Afrika Mashariki ulipofika Dar es Salaam, gharama ya kupitisha habari ilianza kushuka. Leo familia iliyogawanyika baina ya Handeni, Kakuma na Ohio huweza kuwa katika kundi moja la simu. Mambo yanayozungumzwa humo ni ya kawaida kabisa: nani amezaa, nani amefariki na mchango wa mazishi ni kiasi gani, mvua zimenyesha au bado, binti wa fulani ameposwa na ukoo gani. Shughuli hizo ndizo zilizokuwa zikifanyika barazani.

Kilicho muhimu kwa uchunguzi huu ni kwamba mengi kati ya hayo yanaweza kusemwa, bila kuandikwa. Bibi asiyejua kuandika hubonyeza kitufe, akasema, akaachia. Tatizo la herufi zisizokuwapo katika alfabeti ya Kisomali halimgusi. Mjukuu wake akitaka kuandika Kizigua kwa herufi atasita: aandike kama Mtanzania au kama Msomali? Akisema hasiti.

Inafaa kueleza sauti hiyo inasafirije, kwani wengi huitumia bila kujua. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Kipaza sauti cha simu hugeuza mtikisiko huo kuwa umeme, kisha chombo kidogo ndani yake huupima mara nyingi kwa sekunde na kuandika kila kipimo kwa tarakimu. Katika simu za nyaya za mfumo wa tarakimu vipimo huchukuliwa mara 8,000 kwa sekunde, kila kimoja kikiandikwa kwa biti 8. Hiyo ni biti 64,000 kwa sekunde, au baiti 480,000 kwa dakika moja. Programu za sasa hubana sana kuliko hapo. Badala ya kutuma kila kipimo, hukadiria kipimo kijacho kwa kutazama vilivyotangulia, zikifuata kanuni za jinsi koo na kinywa cha binadamu vinavyotengeneza sauti, halafu hutuma makosa ya makadirio tu. Ikiwa biti 16,000 kwa sekunde zinatosha, dakika moja ya maneno ya bibi ni baiti 120,000, na hata mnara dhaifu unaweza kuipitisha. Tena ujumbe wa namna hiyo hauhitaji pande zote mbili ziwe hewani kwa wakati mmoja. Alfajiri ya Handeni ni usiku wa Ohio, maneno hungoja. Katika milima ya Vidunda, ambako kijiji kilicho nyuma ya kilima hukaa katika kivuli cha mawimbi, ujumbe hungoja hadi mwenye simu apande mahali pa wazi.

Sasa Kizigua kina kitu kimoja ambacho maandishi ya kawaida hukipoteza na sauti hukibeba. Ni lugha ya toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunahesabika katika neno lenyewe. Michael Kenstowicz na Charles Kisseberth walionyesha mwaka 1990 kwamba toni ya juu ya Kizigua huhama. Kitenzi kulombeza, yaani kuomba, kina toni ya juu ambayo hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kikirefushwa kuwa kulombezeza, au kulombezezana, toni nayo hutembea, ikifuata nafasi hiyo. Kitenzi kudamanya, yaani kutenda, hakina toni ya juu, na hata kikirefushwa hubaki tambarare. Hakuna herufi inayomwambia msomaji kwamba vitenzi hivyo viwili si vya aina moja. Mtoto hujifunza kwa kusikia tu.

Hapa mtu mwenye ujuzi wa simu angeweza kuuliza swali la maana. Simu za kawaida hupitisha mitikisiko baina ya 300 na 3,400 kwa sekunde. Koo la mwanamume mtu mzima hutikisika kiasi cha mara 100 na zaidi kwa sekunde, la mwanamke kiasi cha mara 200. Basi mtikisiko wenyewe unaobeba toni unakatwa na simu, haufiki! Mbona toni inasikika? Jibu ni kwamba koo halitoi mtikisiko mmoja. Pamoja na ule wa 200 hutoa wa 400, wa 600, wa 800 na kuendelea, na umbali baina yao daima ni 200. Sikio na ubongo hupima umbali huo, na kutokana nao huijenga tena sauti ya chini ambayo haikupokewa. Kinachopotea kweli katika simu ya namna hiyo ni sauti za juu, kama tofauti ya s na f, ndiyo maana mtu anapotaja jina lake kwa simu mbaya hulazimika kulirudia. Toni hupita salama.

KIFAA NA KAZI YAKE

Je, Wavidunda nao wangefaidi? Simu zipo Mikumi, tena nyingi, na mji uko kando ya barabara ambako minara haikosekani. Lakini simu hubeba kile ambacho watu wamekwisha kuamua kusemezana. Mzigua wa Columbus humtumia shangazi yake wa Handeni Kizigua kwa sababu hawana lugha nyingine inayowakalia sawasawa wote wawili: yeye ana Kisomali na Kiingereza, shangazi ana Kiswahili. Mvidunda wa Dar es Salaam anayempigia mama yake Mikumi anacho Kiswahili, na mama anacho. Chombo kimoja, basi, huhifadhi lugha moja na kuharakisha kufifia kwa nyingine, kulingana na nani yuko upande wa pili.

Tena hata kwa Wazigua wa ughaibuni simu haitoshi. Ujumbe wa sauti hutoka kwa mtu mzima kwenda kwa mtu mzima. Mtoto aliye sebuleni huusikia kwa upande, kama asikiavyo redio, na mtoto hajifunzi lugha kwa kusikia redio. Hujifunza kwa kusemeshwa, kukosea, kuchekwa na kujibu tena. Baraza la simuni lina wazee. Uwanja wa michezo haumo.

Lipo hata hivyo jambo moja ambalo chombo hicho kinaweza kulifanya Mikumi kama Ohio, nalo ni kutunza. Kabla ya miaka hii, kurekodi masimulizi ya mzee kulihitaji mtaalamu, gari na mashine nzito ya kanda. Sasa kijana yeyote anaweza. Lakini ni lazima ajue tofauti baina ya kutuma na kuhifadhi. Ule ubanaji ulioelezwa juu hutupa sehemu za sauti ambazo sikio halizikosi, nazo hazirudi tena. Kwa salamu hilo halina madhara. Kwa mtafiti atakayetaka, baada ya miaka 50, kupima urefu wa irabu au pumzi inayofuata konsonanti, kilichotupwa huenda ndicho alichokuwa akikitafuta. Kwa ajili ya kumbukumbu sauti hurekodiwa bila kubanwa, kwa vipimo 48,000 kwa sekunde, kila kimoja cha biti 16. Saa moja ya rekodi hiyo huchukua nafasi ya baiti milioni 345 na zaidi, kiasi ambacho hata kadi ndogo ya simu hukimeza mara nyingi bila kujaa. Mwenye kurekodi huchagua chumba kisicho na bati linalolia kwa mvua, huweka simu karibu na kinywa cha msemaji, na mwanzoni hutaja tarehe, kijiji na lugha. Jina la mzee hutajwa kwa idhini yake. Nakala moja hubaki kijijini na nyingine hupelekwa mahali pengine, kwa kuwa mafuriko ya mto Mkondoa yamekwisha kuingia mara kadhaa ndani ya nyumba za Kilosa.

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme hupita Kilosa ikitoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, ikipenya milima ya Usagara kwa mahandaki. Ile reli ya zamani ya Mikumi hadi Kidatu ilijengwa wakati watoto wa bondeni walipokuwa bado wakisemeshwa Kividunda na mama zao kabla hawajaingia shule. Watoto hao sasa wamepita miaka 60.